Kwa Nini Kimbunga cha Mafia Huzunguka Kama Saa na cha Oman Kinyume? Soma Hii Kabla Hujafowadi Video

Unakumbuka Mei 2024? Mvua ilikuwa imetupiga wiki kadhaa, mafuriko kila mahali, shule zikasongeshwa mbele, halafu serikali ikatangaza kuna kimbunga kinaitwa Hidaya kinakaribia pwani. Mimi nilikuwa ocha, Nyakoe, kwa ile barabara ya Kisii kwenda Kisumu. Video ikanifikia kwa simu: wingu jeupe kubwa linazunguka polepole, na maandishi mekundu yanasema Hidaya iko njiani kuingia Kisii na Nyamira usiku huo.

Nikafowadi kwa grupu ya familia. Sikufikiria mara mbili.

Magokoro wangu aliingiza kuku na mbuzi ndani ya nyumba, akakesha nao. Anko naye alikata mikungu 5 ya ndizi ikiwa bado changa, akisema afadhali hasara ndogo kuliko upepo uangushe shamba lote. Asubuhi jua likawaka kama kawaida. Zile ndizi zilienda kwa bei ya kutupa, na hadi leo nikiingia kwake ananiita Bwana Kimbunga.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba ile video ilijisema yenyewe ni ya uongo. Wingu lilikuwa linazunguka upande ambao kimbunga cha Tanzania hakiwezi kuzunguka. Kama ningejua kitu kimoja tu, anko angebaki na ndizi zake. Hicho kitu ndicho nataka ujue leo.

Jibu fupi kwa wale hawana time

Kimbunga kikiwa kusini mwa ikweta, huzunguka kufuata mishale ya saa. Kikiwa kaskazini mwa ikweta, huzunguka kinyume cha saa. Haijalishi ni bahari gani au kimepewa jina gani. Sababu ni kwamba dunia yenyewe inazunguka, na sisi wote tumebebwa nayo.

Sasa tuingie ndani.

Makanga, mzigo na nganya iko mbio

Chukulia nganya inapita Nyakoe ikiwa mbio. Makanga anarusha mzigo wa mtu nje bila gari kusimama. Je, mzigo unaanguka pale pale alipourushia? Hapana. Unaendelea mbele na mwendo wa gari, unaweza hata kupita stage. Mzigo ulikuwa tayari na spidi kabla haujatoka mkononi.

Hewa iko hivyo hivyo. Dunia inajizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, mara moja kwa siku. Kwa ikweta mzingo wake ni kilomita 40,075, kwa hivyo mtu aliyekaa ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Husikii kwa sababu kila kitu kilicho karibu nawe kinasonga pamoja na wewe. Lakini ukipanda kaskazini, duara linazidi kuwa dogo. Oslo kule Norway, karibu digrii 60, ardhi inasonga nusu ya hiyo tu, kama kilomita 835 kwa saa.

Hewa ikitoka ikweta kwenda kaskazini inakuwa na spidi kubwa kuliko ardhi inayoikuta. Inaitangulia, inaenda mbele upande wa mashariki. Na ukiwa umeangalia kaskazini, mashariki ni mkono wako wa kulia.

Sasa geuka. Hewa itoke ikweta kwenda kusini. Nayo pia inatangulia mashariki, lakini ukiangalia kusini, mashariki ni mkono wako wa kushoto. Dunia ni moja na inazunguka vile vile, ila wewe ndiye umegeuka.

Hewa inayorudi ikweta kutoka mbali hufanya kinyume: inakuwa na spidi ndogo, inaachwa nyuma upande wa magharibi. Piga hesabu, utaona jibu halibadiliki. Kaskazini hewa inapinda kulia, kusini inapinda kushoto. Hata inayoenda mashariki au magharibi hupindwa hivyo hivyo. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika hesabu za nguvu hii mwaka 1835 akichunguza mashine zinazozunguka, ndiyo maana hadi leo inaitwa nguvu ya Coriolis.

Sheria ya raundabauti

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Unaweza kuuliza: kama kusini hewa inapinda kushoto, mbona kimbunga kinaenda kama saa, yaani kulia?

Dereva yeyote wa Kenya anajua jibu bila kusomea. Katikati ya kimbunga mgandamizo wa hewa uko chini, kwa hivyo hewa ya pande zote inakimbilia pale kama watu wanaokimbilia kitu cha bure. Ingekuwa dunia haizunguki, ingeenda moja kwa moja na kujaza lile pengo. Lakini ikikaribia inasukumwa pembeni.

Sasa fikiria raundabauti. Kenya tunaendesha kushoto. Ukifika pale unakata kushoto, na kile kisiwa cha katikati kinabaki mkono wako wa kulia. Kila gari likifanya hivyo, magari yote yanazunguka kufuata saa. Hivyo ndivyo hewa hufanya kusini mwa ikweta. Inashika kushoto, katikati inabaki kulia, na kimbunga kinazunguka kama saa.

Oman wanaendesha kulia. Raundabauti zao zinazunguka kinyume cha saa. Na vimbunga vya Oman, kwa sababu viko kaskazini, pia vinazunguka kinyume cha saa. Somalia nao wanaendesha kulia, na vimbunga vyao ni vile vile. Tanzania na Msumbiji wanaendesha kushoto kama sisi, na vimbunga vyao ni vya kufuata saa. Hii ni bahati tu, upepo hausomi sheria za barabara. Uingereza wanaendesha kushoto na mifumo yao ya mvua iko kinyume cha saa. Lakini kwa Kenya, Tanzania, Msumbiji, Somalia na Oman inashika vizuri, itumie kukumbuka.

Na kama katikati mgandamizo uko juu badala ya chini, hewa inatoka nje badala ya kuingia, kwa hivyo kila kitu kinageuka: kusini inazunguka kinyume cha saa, kaskazini inafuata saa. Hiyo ndiyo mifumo inayoleta anga safi na kiangazi.

Ushahidi: pwani moja, mizunguko miwili

Pwani ya Afrika Mashariki ni mahali poa sana pa kuona hii kitu, kwa sababu ikweta inaikata. Huhitaji kwenda Marekani.

Kusini mwa ikweta, wanaofuata saa:

- Zanzibar, Aprili 1872. Kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi kwa wingi. Pemba iliumia kidogo kuliko Unguja, na biashara ya karafuu ikahamia huko kwa nguvu.
- Lindi, Aprili 1952. Kimbunga kilitua kusini mwa Tanganyika.
- Idai, Machi 2019. Kilitua karibu na Beira, Msumbiji. Zaidi ya watu 1,000 walifariki Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.
- Kenneth, Aprili 2019. Wiki 6 tu baada ya Idai, kikapita Komoro na kutua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.
- Freddy, Februari na Machi 2023. Kilidumu zaidi ya wiki 5, kikapiga Msumbiji mara mbili na kuleta maafa makubwa Malawi.
- Hidaya, Mei 2024. Kilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4, tayari kimepungua nguvu.

Kaskazini mwa ikweta, wa kinyume cha saa:

- Gonu, Juni 2007, Oman.
- Mekunu, Mei 2018, Salalah, kusini mwa Oman.
- Gati, Novemba 2020. Kilitua kaskazini mashariki mwa Somalia, na ndicho chenye nguvu zaidi kurekodiwa kutua nchi hiyo.
- Shaheen, Oktoba 2021, pwani ya Batinah kaskazini mwa Oman.

Kuna familia zina watu Unguja na Muscat, zinapigiana simu kwa Kiswahili kila wiki. Vimbunga vya huku na vya kule havijawahi kuzunguka upande mmoja. Na wanasayansi hawana rekodi ya kimbunga kilichovuka ikweta kikaendelea kuwa kimbunga upande ule mwingine. Kingelazimika kusimama na kuanza kuzunguka upya.

Sasa, Nyakoe iko wapi kwa hii stori?

Nyakoe iko kusini mwa ikweta, lakini kidogo sana, chini ya digrii 1. Panda gari hapo stage, pita Oyugis, fika Kisumu, endelea hadi Maseno, utaona alama ya ikweta kando ya barabara. Ni safari ya asubuhi tu.

Na hiyo ndiyo ngao yetu. Nguvu ya Coriolis ni sufuri ikweta, halafu inaongezeka ukisonga mbali nayo. Kisiwa cha Mafia, karibu digrii 8 kusini, kinaipata zaidi ya mara 10 kuliko Nyakoe. Batinah, karibu digrii 24 kaskazini, zaidi ya mara 30. Ndiyo maana vimbunga huzaliwa kwa nadra sana ndani ya digrii 5 za ikweta. Hewa ikikimbilia katikati hapo, hakuna cha kuisukuma pembeni, inajaza pengo na stori inaisha. Kuna visa vichache vya kushangaza, kama Vamei iliyotokea karibu na Singapore Desemba 2001 ikiwa digrii 1 na nusu tu kaskazini, lakini hivyo ni vya kuhesabu.

Kisha kuna chakula. Kimbunga hula joto la bahari. Kikifika nchi kavu kinaanza kufa njaa. Kutoka pwani hadi Gusii kungekuwa na mamia ya kilomita za kavu, pamoja na milima. Kwa hivyo kimbunga cha bahari kuingia Kisii kikiwa hai? Umeuziwa mbuzi kwa gunia.

Lakini usidhani anga yetu ni mpole. Mchana upepo unatoka Ziwa Victoria unapanda kwa vilima vya Gusii, unakutana na ule wa mashariki, hewa inapanda juu kwa nguvu, na ikifika saa tisa au kumi jioni unasikia radi, mvua ya mawe na upepo wa kuezua mabati. Hiyo ni hatari ya kweli, radi huua watu Gusii. Ila hizo ni dhoruba ndogo, za kilomita chache na saa chache. Coriolis inahitaji nafasi kubwa na siku kadhaa ili ionekane. Dhoruba ya jioni ya Nyakoe haina upande wake wa kuzunguka. Hata ule upepo wa vumbi unaozunguka kwa uwanja wa shule unaweza kwenda upande wowote.

Na yule jamaa wa beseni pale Nanyuki?

Najua ulikuwa unangoja hii. Ukienda Nanyuki kwa bango la ikweta, kuna wasee wana beseni lenye tundu na kijiti cha kiberiti. Hatua kama 20 kaskazini, kijiti kinazunguka huku. Hatua 20 kusini, kinazunguka kule. Kwa laini yenyewe kinashuka kimya. Watalii wanapiga makofi na kutoa pesa.

Mimi pia nilitoa, na sijutii, ile ni kazi ya mkono na show ni safi. Lakini si Coriolis. Hata ukiwa mbali kabisa na ikweta, nguvu ya Coriolis kwa maji yanayosonga polepole ndani ya beseni ni ndogo mno ukiilinganisha na uvutano wa dunia. Hatua 20 kutoka ikweta, ndiyo kabisa haipo. Kinachoamua ni vile maji yalimwagwa, vile beseni lilishikwa na vile mtu aligeuka akitembea. Choo chako pia hakijui uko upande gani wa dunia.

Inawezekana kuiona kwa maji, lakini uwe na subira ya ajabu. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT kule Marekani alichukua tanki la upana wa futi 6, akaacha maji yatulie saa 24, kisha akafungua tundu dogo kabisa katikati. Dakika zaidi ya 10 hakuna kitu. Baadaye kijiti kikaanza kuzunguka, kinyume cha saa. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney, Australia, wakarudia, na maji yao yakafuata saa. Saa 24 za kutulia. Jamaa wa Nanyuki anamaliza kwa dakika 2.

Upepo unaovuka ikweta na kubadilisha mkono

Kimbunga hakivuki ikweta, lakini upepo wa kawaida unavuka kila mwaka, na mababu wa pwani walijenga maisha juu yake: kusi na kaskazi.

Kusi huanza kama Aprili. Kusini ya mbali baharini, upande wa visiwa vya Mascarene, kuna mfumo mkubwa wa mgandamizo wa juu unaosukuma hewa kuja kaskazini. Ikiwa bado kusini inapinda kushoto, kwa hivyo inatufikia ikitoka kusini mashariki. Inapita pwani na nyanda za mashariki mwa Kenya, inavuka ikweta, halafu inaanza kupinda kulia, inatoka Somalia ikielekea Uarabuni na India kama upepo wa kusini magharibi. Ukiichora kwa ramani unapata kona moja kubwa. Mwaka 1969 mtaalamu John Findlater alichapisha utafiti kuhusu mkondo huu wa kasi, na wanasayansi wakaupa jina lake. Manahodha wa majahazi hawakungoja huo utafiti. Walienda Oman na kusi, wakarudi na kaskazi, kwa karne nyingi.

Ukitaka kuona hewa ikibadilisha mkono bila ujanja wa beseni, hiyo ndiyo.

Mbona mkulima wa Gusii ajali?

Kimbunga hakifiki Nyakoe, lakini mkono wake ni mrefu.

Chukua saa ya ukutani. Mshale ukiwa juu kabisa, kwa 12, unasonga kuelekea kulia. Kwa ramani, kulia ni mashariki. Kwa hivyo kimbunga cha kusini kikiwa kule Madagaska, upande wake wa juu, ulio karibu na sisi, upepo unatoka magharibi kwenda mashariki. Kinavuta hewa kutoka Kongo na ziwani, inapita juu ya vichwa vyetu.

Ni mahali kimesimama ndipo panaamua kama hiyo ni baraka au hasara. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande wa Madagaska. Hewa yenye unyevu ya Kongo ikavutwa huku, na Kenya ikapata mvua nyingi sana mwanzo wa msimu. Watafiti waliochunguza mvua ile wamevihusisha nayo. Mwaka uliofuata, Machi 2019, Idai ilikaa kwa mlango wa bahari wa Msumbiji ikanyonya unyevu kuelekea kwake, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikaitaja kama sababu ya mvua ndefu kuchelewa. Watu walikuwa wamepanda wakiangalia kalenda, mbegu zikakaa kwa vumbi.

Kwa hivyo ukisikia kuna kimbunga Msumbiji na shosho anataka kupanda wiki hiyo, usiseme ni mambo ya wenyewe. Uliza kwanza utabiri unasemaje.

Kabla hujafowadi

Msimu ujao video zitarudi, hiyo ni lazima. Jiulize haya:

1. Wanasema kiko wapi? Tanzania, Msumbiji, Madagaska: lazima kifuate saa. Somalia kaskazini, Oman, Yemen, India: kinyume cha saa. Kama mzunguko na mahali havipatani, hiyo ni video ya mahali pengine.
2. Je, imegeuzwa? Wezi wa video hugeuza picha kama kwa kioo, na mzunguko unageuka pia. Angalia maandishi na umbo la pwani kama yako nyuma mbele.
3. Wanasema kinaelekea wapi? Kisii, Nyamira, Nairobi, Nakuru: hapana. Pwani yetu ikiambiwa ijihadhari na upepo na mawimbi: sikiliza, maana Mombasa iko digrii 4 kusini na mawimbi husafiri mbali kuliko kimbunga.
4. Nani amesema? Tafuta tangazo la Idara ya Hali ya Hewa. Kama wao hawajasema, na binamu amesema, ngoja.

Ile video yangu ya 2024 ilikuwa inazunguka kinyume cha saa. Maandishi yalikuwa yamekaa sawa, hayajageuzwa. Ilitosha sekunde 5 kujua si Hidaya.

Juzi magokoro alipiga simu, ameona video nyingine kwa simu ya jirani. Nikaandaa mhadhara mzima. Akanikatiza: "Hii inazunguka kama ya ukutani au kinyume?" Nikamwambia aangalie mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuku watalala nje.